Mkanda wa picha kwenye friza, na vitu nilivyovijua baada ya kuharibu

Kilichonifundisha ni harusi ya rafiki yangu. Asubuhi ile nilikuwa nimechelewa, nikafungua friza nikatoa mkanda mmoja wa rangi, nikaufungua pale pale nimesimama nikauingiza kwenye kamera huku vidole vinauma kwa ubaridi, nikatoka mbio. Nilipiga fremu zote 36 na nilijiona mjanja kweli, kwa sababu ule mkanda ulishapita deti miaka 4 lakini muda wote ulikuwa friza kwahiyo nikawa na uhakika uko kama mpya. Na kusema ukweli ulikuwa kama mpya, rangi safi, weusi mweusi. Ila fremu za mwanzo karibu zote zilikuwa na vidoti, vidoti vidogo vidogo vimesambaa usoni kwa bibi harusi kama kuna mtu kamnyunyizia maji, na sehemu nyingine mkanda ulikuwa umenatana wenyewe kwa wenyewe ukabandukana na kuacha mabaka.

Mzee aliyekuwa ananisafishia picha aliinyanyua ile negativu kwenye taa akaiangalia weee.

"Huu ulitoka wapi?"

"Friza, mzee."

"Ulikaa nje muda gani kabla hujaufungua?"

Nikanyamaza.

"Basi wewe uliusafisha kwa maji kabla hujaniletea mimi nisafishe."

Hakuongeza neno. Mimi ndo nilibaki naumia, maana kabla ya hapo kila niliposoma au kusikia habari za kutunza mikanda kwenye baridi mazungumzo yote yalikuwa weka friji au weka friza, nyuzi ngapi, miaka mingapi. Hakuna aliyeniambia kwamba mkanda ukiwa humo ndani umetulia hauna shida na mtu, shida inakuja unapoingia na unapotoka. Baadae nimeharibu mikanda kwa njia nyingine nyingi tu lakini karibu zote zinarudi hapo hapo, nilidhani friza inasimamisha kila kitu kumbe inagusa baadhi ya mambo na mengine haiyagusi kabisa.

Ngoja nianze na kwanini niliweka friza kwanza, maana wapo watakaosema ni ushamba tu mkanda weka kabatini. Kabatini niliweka. Niliwahi kununua mikanda 10 ya rangi ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha mkanda unavyosikia mwanga, ikiwa kubwa unasikia zaidi), boksi moja, bachi moja, mitano ikaenda friji na mitano ikakosa nafasi nikaitupia juu ya kabati, chumba chenyewe ukuta wake unapigwa jua mchana kutwa. Sikupanga kufanya majaribio, nafasi tu ndo ilikuwa finyu. Miaka 3 baadae nikapiga mmoja wa friji na mmoja wa kabatini wiki moja, mwanga ule ule. Wa friji ulitoka vizuri. Wa kabatini vivuli vyote vimekuwa vya kijivu kama maji ya kufulia, hakuna weusi popote, chembe zimefumuka, na kwenye sehemu za giza rangi imevutia kijani, nikajaribu kuirekebisha kwenye kompyuta nikirekebisha vivuli nyuso zinakuwa nyekundu, nikirekebisha nyuso vivuli vinarudi kijani. Ndo nikaelewa. Mkanda wa rangi una tabaka zinazoshika nyekundu, kijani na bluu, na hizo tabaka hazizeeki kwa mwendo mmoja, moja ikitangulia basi rangi imeshapinda na huwezi kuinyoosha yote kwa mara moja.

Kinachotokea ni kwamba mkanda mbichi ndani ya boksi haujalala. Kuna chembe za chumvi ya fedha, fedha ile ya madini, zimekaa ndani ya jelatini, na kazi yake ni kungoja mwanga. Sasa joto nalo taratibu linazisumbua, chembe moja moja zinajihesabu kwamba zimeona mwanga wakati hazijaona kitu, siku ya kusafisha nazo zinageuka nyeusi pamoja na zile zilizopigwa kweli. Huo ndo ukungu wa mkanda uliozeeka, na ndo maana unaambiwa mkanda uliopita deti uupe mwanga zaidi, wengi wanasema stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kwa kila miaka 10. Hiyo hesabu ni ya kukisia tu, wangu wa kabatini uliitaka stopu nzima kwa miaka 3, kwasababu hesabu haijui mkanda wako ulikaa kwenye joto gani. Baridi kazi yake ni kupunguza mwendo wa huo usumbufu. Kemia nyingi iko hivyo, joto likishuka nyuzi 10 mwendo unapungua nusu au zaidi, kwahiyo kutoka chumba cha nyuzi 30 kwenda friji ya nyuzi 4 tofauti yake sio ndogo, na friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ndo kabisa.

Kodak wao kwa mikanda ya kawaida wanasema isizidi nyuzi 21, ile ya kitaalamu nyuzi 13 kushuka chini, na ukitaka kuitunza muda mrefu ndo unaipeleka kati ya nyuzi 18 na 23 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani iko hapo hapo kwenye 18. Mimi sasa hivi nafanya hivi, mkanda nitakaoutumia ndani ya miezi 6 unakaa friji, wa zaidi ya hapo unaenda friza, na nyeusi-na-nyeupe za ISO ndogo siziwazii sana, hizo ni ngumu, nimepiga ya ISO 100 iliyokaa droo miaka mingi ikatoka bila kulalamika. Za rangi ndo zinadeka, na slaidi, ile mikanda inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, ndo zinadeka kuliko zote.

Turudi kwenye maji. Ukitoa chupa ya maji baridi ukaiweka mezani inatoka jasho, kila mtu kaona. Lile jasho halitoki ndani ya chupa, ni unyevu wa hewa ya chumba umekutana na kitu cha baridi ukaamua kutua. Mkanda nao hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mkanda una jelatini, na jelatini inapenda maji, inayanywa, inavimba, inanata. Unapofungua kopo mkanda ukiwa bado wa baridi unaialika hewa ya chumba iingie itue pale. Usipoufungua, ule unyevu unatua nje ya kopo, unaufuta na kitambaa, maisha yanaendelea. Kwahiyo sheria ni moja tu, usifungue mpaka upate joto la chumba. Kuna jedwali za watengenezaji, mkanda mmoja wa 35mm kutoka friza unahitaji muda wa saa moja na nusu hivi, wa 120, ule mpana zaidi, na wenyewe humo humo. Lakini hizo ni za mkanda mmoja mmoja jamani, sio mikanda 20 iliyobanana kwenye mfuko mmoja kama tofali, ile ya katikati inaweza kuwa bado inakaribia kuganda wakati ya nje iko vuguvugu. Mimi hesabu za masaa niliziacha. Natoa usiku, naweka mezani imetawanyika, naamka nayo asubuhi. Ukisahau kutoa usiku basi siku hiyo piga na kilichopo.

Kuingia nako kuna mambo yake na hapa ndo nilifanya ujinga wa pili. Baada ya ile harusi nikawa mtu wa mifuko ya zipu, kila kitu kwenye mfuko wa zipu, najisifu. Sasa siku moja nikafunga mikanda mingi kwenye mfuko mmoja mkubwa, hali ya hewa ilikuwa ya mvua, unyevu unausikia mpaka kwenye shuka, nikafunga mfuko umejaa hewa kama mto wa kulalia nikatupia friza. Baada ya muda naangalia ndani ya mfuko kuna barafu nyembamba, kama unga, imeshika kwenye maboksi. Ile hewa niliyoifungia ndani ilikuwa na maji yake. Na kila nilipotaka mkanda mmoja nilitoa mfuko mzima, naufungua, nachomoa mmoja, nafunga narudisha, yaani kila mara nawaongezea hewa mbichi ya chumba. Maboksi ya karatasi yakalegea, mawili yakaota kuvu ya kijani kwenye kona siku nilipoyasahau nje ndani ya ule mfuko. Mikanda yenyewe ilipona kwasababu ya 35mm ilikuwa kwenye makopo yake ya plastiki na ya 120 kwenye karatasi zake za foili, ile foili inaziba kweli kweli usiichane kabisa mpaka siku ya kupiga.

Sasa hivi nafunga mitano mitano. Mfuko mdogo, nakamua hewa yote kwa kiganja, naweka kipakiti cha silika jeli, alafu hiyo mifuko midogo inaingia kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Nikitoa nimetoa mitano, haina kurudi. Silika nayo usiokote tu ile iliyokuja na viatu miaka 2 iliyopita ukadhani inafanya kazi, ikishashiba unyevu imeshiba, tafuta zile za kubadilika rangi, za bluu zikishiba zinakuwa za pinki, za chungwa zinakuwa za kijani, unazipasha moto zinakauka unazitumia tena. Na andika. Jamani andika juu ya mfuko kwa kalamu isiyofutika, mkanda gani, deti ya kwenye boksi, siku ulioingia friza. Niliwahi kutupa maboksi ili nafasi iongezeke, nikabaki na makopo meusi yamefanana yote, nafahamu ni aina gani lakini ya mwaka gani hakuna anayejua, na hapo ndo utajua deti ina maana gani.

Kuna friza za kisasa zisizojaza barafu, zile huwa zinajipasha moto kidogo kila baada ya muda ili kuyeyusha barafu kwenye kuta zake. Nimesikia watu wanaziogopa. Mimi ninayo moja na kontena lenyewe halijali sana kwasababu hewa ya ndani ya mfuko haichanganyiki na ya nje, ila kontena usilibandike ukutani wala mlangoni, mlango unafunguliwa mara 50 kwa siku na kila mtu wa nyumbani.

Kuhusu watu wa nyumbani sasa. Nilisafiri wiki 3, nikarudi kila kitu kiko sawa, friza inanguruma, kontena liko pale pale. Miezi mingi baadae dada yangu ndo ananiambia kwa kupita tu kwamba ile friza siku zile ilizimwa siku 4 wakifanya usafi, alidhani najua. Sikujua, na mkanda hauna sura ya kusema nimeyeyuka nikaganda tena. Siku 4 kwa mkanda uliofungwa vizuri sio msiba, ungeharibika vipi kwa siku 4 wakati kabatini unakaa mwaka, lakini nilikasirika kwa kutojua. Toka siku hiyo naweka kikombe cha maji kwenye friza, yakishaganda naweka sarafu juu yake. Nikirudi safari nikakuta sarafu iko juu najua baridi haikukatika, nikikuta imezama mpaka chini najua kuna hadithi sijaambiwa. Mara moja imezama. Hakuna aliyekiri mpaka leo.

Hiyo hiyo ndo sababu siamini tena maneno "ilitunzwa friza" mtu anapokuuzia mkanda wa zamani. Anaweza kuwa mkweli kabisa na yeye mwenyewe hajui miaka miwili ya kwanza ulikuwa dukani dirishani. Niliwahi kununua mikanda 12 ya hivyo, muuzaji mpole, ananihakikishia, nikasafisha wa kwanza ukungu mtupu. Siku hizi nikipata bachi ya hivyo ya nyeusi-na-nyeupe nautoa mmoja mhanga, napiga kitu kile kile kwa mwanga wa ISO ya kwenye boksi, alafu stopu moja zaidi, alafu mbili, alafu tatu, nasafisha nakata shauri kwa bachi nzima. Ukungu ukiwa mwingi kuna kemikali ya benzotriazole inaongezwa kidogo kwenye developa, ile dawa ya kusafishia mkanda, inaukandamiza, na developa ya HC-110 watu wengi wanaipendea mikanda mizee kwa sababu hiyo hiyo. Inasaidia lakini haifufui.

Ujinga wa tatu ulikuwa wa tamaa. Kuna kipindi mikanda ilikuwa inapotea sokoni moja baada ya nyingine, 2012 Kodak waliacha kutengeneza Ektachrome, mkanda wao wa slaidi, mwaka huo huo P3200, ule wao wa nyeusi-na-nyeupe wa kupigia gizani, nao ukaondoka, na sisi wengine tukawa tunanunua kama vita inakuja. Mimi nikajaza ISO 3200, nilikuwa napenda kupiga usiku bila flashi. Nikaifunga vizuri, silika, kontena, kila kitu kwa utaratibu, nikaiweka friza nikaibania kabisa kabisa nasubiri tukio linaloistahili. Miaka 6 ikapita. Tukio likaja, nikatoa usiku, nikasubiri mpaka asubuhi, nikapiga. Negativu zilitoka za kijivu kuanzia kwenye matundu ya pembeni mpaka katikati, picha imo ndani lakini kama unamuangalia mtu kupitia pazia.

Nikampelekea mzee nikiwa na hasira, namwambia friza ilikuwa inafanya kazi, sarafu ilikuwa juu, nimefanya yote. Akaniuliza ISO ngapi. Nilipomtajia akacheka. Akanielewesha kwamba kuna mionzi inatoka angani na mingine kidogo inatoka ardhini na kwenye kuta za nyumba, siku zote ipo, sisi haitufanyi kitu cha kuonekana lakini mkanda unaipokea kama mwanga, kidogo kidogo, na mkanda wa ISO 3200 unaosikia mwanga mdogo ndo huo huo unaosikia na mionzi. Hilo ni jambo lingine kabisa na joto. Nyuzi ziwe 20 au 20 chini ya sifuri mionzi inapita tu, friza haina ukuta wa kuizuia, na vile vimfuko vya madini ya risasi vya kukingia mikanda safarini navyo haviizuii ile ya angani. Mkanda wa ISO 100 unaweza kukaa friza miaka 20 usione tofauti kubwa. Wa 3200 nunua utumie. Kinachouma zaidi P3200 ilirudishwa sokoni 2018, na Ektachrome mwaka huo huo ikarudi, mimi nimekaa na maiti friza nikiwa nangoja kitu ambacho kilikuwa njiani kinakuja.

Za papo kwa papo nazigusia kidogo tu maana mkasa wenyewe ulikuwa mfupi. Polaroid usiweke friza. Ndani yake kuna vimfuko vya dawa ya majimaji mazito, vile ndo vinapasuliwa na rola picha inapotoka, ukivigandisha dawa inaharibika na haisambai tena sawasawa. Wenyewe wanasema friji, zikiwa zimelala bapa, na uziache zipate joto kabla ya kupiga. Mimi niligandisha pakiti moja, picha 8 zote zikatoka na mabaka kama ramani ya visiwa.

Sasa mkanda ulioshapigwa. Hapa ndo palipo na jambo ambalo bado linanikera kuliko yote. Mkanda mbichi unangoja, lakini ukishaupiga ndani yake kuna picha ambayo haionekani, ni badiliko dogo sana kwenye chembe, na hilo badiliko halikai milele, linafifia. Baridi inalichelewesha lakini haiwezi kulifunga. Na kuna mikanda inayosahau haraka, Ilford Pan F Plus wenyewe wenye kiwanda wanakwambia usafishe ndani ya miezi 3 toka uipige. Mimi nilikuwa na tabia ya kurudisha mkanda uliopigwa friza pamoja na mibichi, nasema ngoja ifike 10 nipeleke kwa pamoja. Mmoja wa Pan F nilimpiga baba kabla hajaanza kuumwa, amekaa kwenye kiti chake anasoma, mwanga wa dirishani. Nikausahau humo friza miaka 3 na zaidi. Baba alishafariki wakati nausafisha. Picha zipo, siwezi kusema hazipo, unamuona baba, unaona mkono wenye karatasi na upande mmoja wa uso wenye mwanga, upande wa kivulini hakuna kitu, umeondoka. Nimejaribu kila karatasi na kila skana. Kile kilichokuwa kivulini hakimo kwenye negativu.

Mtu aliwahi kunifariji kwa habari ya wale Waswidi wa baluni. Ni habari ya kweli, mwaka 1897 watu watatu, Andrée na Strindberg na Frænkel, waliruka na baluni kutoka visiwa vya Svalbard wakitaka kufika ncha ya kaskazini, baluni ikashuka kwenye barafu baada ya siku chache, wakatembea wiki na wiki mpaka kisiwa cha Kvitøya wakafia hapo. Walikuja kupatikana 1930, miaka 33 baadae, na mikanda ya Strindberg ilikuwepo imeganda pale pale. Mtaalamu mmoja wa Stockholm, John Hertzberg, akaisafisha, akaokoa picha 93. Unaweza kuona baluni imelala kwenye barafu na wao wamesimama pembeni wanaiangalia. Sawa, inatia moyo. Lakini ukizikagua zile picha zina mabaka na ukungu, na alizopiga Strindberg zilikuwa karibu 240. Zaidi ya nusu zilikwenda. Na ile ilikuwa barafu ya kweli, sio friza yangu.

Kwahiyo kwangu mkanda uliopigwa sasa haulali friza. Unalala friji siku chache kama lazima, alafu unasafishwa. Nilijifunza kusafisha mwenyewe za nyeusi-na-nyeupe kwa sababu hiyo hiyo tu, ili nisiwe na kisingizio cha kusubiri zifike 10.

Mzee naye alikuwa na zake. Siku anafunga kazi aliniita nimsaidie kubeba, kwenye friza yake ya dukani chini kabisa kulikuwa na boksi limefungwa plastiki tatu, ndani kuna Kodachrome 11, mbichi, hazijaguswa, deti zake za miaka ya 2000. Kwa ambao hawaifahamu, Kodachrome ilitoka 1935 na haikuwa kama slaidi nyingine, rangi hazikuwemo kwenye mkanda, zilikuwa zinaingizwa wakati wa kusafisha, na usafishaji wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba mashine zilikuwa za kuhesabu. Kodak walitangaza kuiacha 2009. Sehemu ya mwisho duniani iliyokuwa inaisafisha ni Dwayne's Photo, mji wa Parsons, Kansas, na wao walipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Baada ya hapo basi. Ukipiga leo unaweza kuisafisha kama nyeusi-na-nyeupe tu, uusugue utoke ule weusi uliopakwa mgongoni mwa mkanda, upate kijivu. Ile rangi yake haipo tena popote.

Nikamuuliza mzee kwanini hakuzipiga wakati muda upo. Akasema alikuwa anaziwekea safari ya kwenda kuwaona wajukuu, safari ikasogea, ikasogea, na yeye hakuwa na wasiwasi kwasababu ziko friza. Alilisema hilo la friza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja alipoweka funguo. Alafu akanipa lile boksi.

Negativu zenyewe zikishasafishwa na zikakauka nazo zinapenda ubaridi na ukavu, zile za plastiki ya asetati zikikaa kwenye joto na unyevu miaka mingi zinaanza kunuka siki, ikishanuka ujue imeanza kujila na harufu yake inaambukiza za jirani kwenye boksi, zitenge. Kuna hazina kubwa za picha zinatunzwa hivyo, mkusanyiko wa Bettmann uko kwenye mgodi wa zamani wa chokaa huko Pennsylvania, chini ya ardhi, kwenye nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Mimi za kwangu ziko kwenye droo kavu yenye silika na ile ya baba iko kwenye bahasha yake peke yake.

Kontena la friza limepungua sana siku hizi. Zamani lilikuwa na mikanda 70 na kitu, leo asubuhi nimehesabu 14, ukiacha zile 11 za mzee. Mitano niliitoa jana usiku, iko mezani imetawanyika, nimegusa moja sasa hivi bado ina ubaridi kidogo kwenye kifuniko. Mama anakuja saa nne, nimemwambia akae kwenye kile kiti cha dirishani.